Kuiacha Kalamu na Kuirudia: Ibrahim El-Salahi, Mchoraji wa Sudan

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, fikra zetu hukimbilia upesi ngoma, nyimbo, hadithi na uchongaji. Uchoraji wa picha hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ni mgeni aliyekaribishwa barazani lakini hajaruhusiwa kuingia ndani. Wako wadaio kwamba picha ya rangi iliyotundikwa ukutani ni jambo la Wazungu, nasi tumeliiga tu. Wako wawajibuo kwamba Mwafrika amechora tangu kale, na ushahidi wake ni michoro ya mapangoni kule Kondoa. Mabishano haya yana haki yake, lakini mara nyingi huishia hewani, kwa sababu hayamtaji mtu, hayaitaji picha, wala hayasemi picha hiyo ilichorwa kwa kitu gani na juu ya kitu gani.

Insha hii itashika njia nyingine. Itamfuata mtu mmoja, Ibrahim El-Salahi, mzaliwa wa Omdurman katika nchi ya Sudan, ambaye maishani mwake aliuacha uchoraji kwa hiari, kisha akanyimwa uchoraji kwa nguvu, na hatimaye akakaribia kunyang'anywa uchoraji na maradhi ya mwili wake. Kila mara alirudi. Jambo linalotuhusu ni kwamba hakurudi kamwe mahali palepale alipoondoka: kila aliporudi alishika kifaa kingine na rangi nyingine, na kifaa hicho ndicho kilichomfundisha namna mpya ya kuchora.

El-Salahi alizaliwa mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini, naye aliendesha chuo cha Kurani nyumbani kwake. Wasudan hukiita chuo cha namna hiyo khalwa. Msomaji aliyekulia pwani yetu hatahitaji kuelezwa sana. Mtoto hupewa ubao, kalamu ya tete na wino uliotengenezwa kwa masizi na gundi ya mti. Huandika aya zake, huzisoma mpaka zimkae kifuani, kisha huuosha ubao na kuanza upya. Mwanafunzi amalizapo sehemu kubwa ya masomo, ubao wake hupambwa kwa nakshi za rangi. El-Salahi alijifunza kuandika na kupamba mbao hizo akiwa bado mtoto mdogo. Kwa hiyo kabla hajaona picha hata moja ya mafuta, mkono wake ulikwisha kuzoea mambo mawili: kwamba herufi ina umbo la kupendeza hata kwa yule asiyeijua maana yake, na kwamba kazi iliyoandikwa kwa wino inaweza kufutwa kwa maji na ubao ukabaki. Haya mawili yatatokea tena mbele.

Alisomea sanaa mjini Khartoum, na mwaka 1954 akapata nafasi ya kwenda kusoma katika chuo cha Slade, London. Huko alijifunza kuchora mwili wa binadamu kutoka kwa mtu aliye hai mbele yake, kuchanganya rangi za mafuta, na kuzitazama kwa makini picha za wakubwa wa Ulaya, akiwamo Mfaransa Paul Cézanne. Chuo hichohicho ndicho alichosomea ndugu yetu Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, katika miaka hiyohiyo ya 1950. Nalitaja jambo hili kwa sababu njia za watu hawa wawili zafanana kwa namna ya kushangaza. Wote wawili walipata elimu ya juu ya sanaa katika mji mkuu wa mkoloni, wote wawili walirudi kufundisha, na wote wawili waliitwa na serikali za nchi zao kuzitumikia katika ubalozi kulekule London na katika kazi za utamaduni. Tofauti yao ni kwamba Ntiro hakuiruhusu London iguse sana mkono wake. Alizidi kuchora migomba, mavuno na shughuli za kijijini kwao, na mojawapo ya picha zake, ile ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ya mwaka 1956, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. El-Salahi, kwa upande wake, aliipokea London yote, akarudi nyumbani nayo.

Alirudi mwaka 1957. Sudan ilikuwa imepata uhuru tarehe 1 Januari 1956, naye alirudi katika nchi iliyo huru akiwa kijana mwenye ujuzi ambao watu wachache sana walikuwa nao. Alianza kufundisha katika Taasisi ya Ufundi ya Khartoum. Kisha akaandaa maonyesho ya picha zake katika Hoteli Kuu ya mji huo. Siku ya ufunguzi watu walikuja. Baada ya siku hiyo ukumbi ulibaki mtupu. Alirudia tena, na mambo yakawa yaleyale.

Hapa msomaji na atulie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Msanii ambaye kazi yake haitazamwi ana njia nyingi za kujitetea. Anaweza kusema kwamba watu hawajaelimika. Anaweza kusema kwamba wakati wake haujafika. Anaweza kufunga mizigo na kurudi kule ambako picha zake zinaeleweka. Hoja hizi tumezisikia hata hapa kwetu, na si zote za uongo. El-Salahi hakuzishika. Alijiuliza kosa liko wapi kati ya picha zake na macho ya watu wake, na alipoona kwamba hana jibu, aliacha kuchora.

Kwa muda alizunguka katika nchi yake akitazama. Sudan ni nchi ya jangwa, ya mto mkubwa, ya wakulima na wafugaji wa makabila mengi, na popote alipopita aliona kwamba watu aliodhani hawapendi picha walikuwa wamejizungushia mapambo kila upande. Mikeka ilikuwa na mistari na pembe zilizopangwa kwa hesabu. Vibuyu vilichorwa kwa moto. Matandiko ya ngamia, vikapu, shanga, vyombo vya mti, vyote vilikuwa na nakshi. Na katika kuta za nyumba, mahali ambapo Mzungu angetundika picha ya mandhari, palitundikwa maandishi ya khati. Watu hawa hawakukosa macho. Walikuwa na macho yaliyofunzwa katika chuo kingine.

Aliporudi kuchora, alianza kwa unyenyekevu. Katika pembe ya picha aliandika maneno machache ya Kiarabu, mahali padogo kama stempu ya barua. Watu wakaanza kusogea karibu. Akayatandaza maandishi yakaenea picha nzima, na watu wakazidi kusogea. Kama angeishia hapo, angekuwa mwandishi wa khati mzuri, nasi tungekuwa na sababu ndogo ya kumwandika leo. Lakini alichukua hatua ya tatu, ambayo ndiyo ngumu: alizivunja herufi. Alitaka kujua herufi imejengwa kwa nini, na kuna nini katika nafasi iliyo wazi baina ya mstari na mstari. Kutoka katika vipande hivyo vilivyovunjika yakaanza kutokea maumbo ambayo hakuyatafuta: nyuso ndefu kama vinyago, wanyama, mimea, vivuli vya watu. Mkunjo wa herufi ukawa shavu. Mkia wa herufi ukawa pembe au bawa.

Nathubutu kusema kwamba hatua hiyo haikueleweka vizuri na baadhi ya waigaji, wa Sudan na wa kwingineko, walioona kwamba mradi umeweka herufi za Kiarabu au kinyago ndani ya picha, basi picha imekuwa ya Kiafrika. Herufi ilikuwa mlango tu. Anayesimama mlangoni hajaingia nyumbani.

Rangi nazo zilibadilika. Zile rangi nyingi alizojifunza kuchanganya London alizipunguza kwa makusudi, akabakiza nyeusi, nyeupe, hudhurungi ya udongo ulioungua na manjano ya mchanga. Hizi ndizo rangi za nchi yake, kwa maana ya ardhi yenyewe: rangi za kuta za udongo, za vumbi, za kingo za mto wakati maji yamepungua. Na vifaa pia vilibadilika. Turubai halisi la mchoraji lilikuwa ghali na haba, kwa hiyo alitumia damuria, kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa kwa mkono nchini Sudan, ambacho msomaji anaweza kukifikiria kama ndugu wa ile tuiitayo marekani. Pamoja na rangi ya mafuta ya msanii alitumia rangi ya kung'aa ya madukani, ile ya kupakia milango na vyuma. Tukumbuke kwamba katika miaka ya mwisho ya 1960 Edward Saidi Tingatinga naye alishika rangi ya namna hiyohiyo na vipande vya mbao mjini Dar es Salaam, pasipo kusoma Slade wala chuo kingine chochote cha sanaa. Wawili hawa hawana uhusiano wowote, ila umaskini wa vifaa uliwapeleka kwenye duka moja.

Picha kubwa ya wakati ule ni ile aliyoishughulikia tangu 1961 hadi 1965, ambayo jina lake kwa Kiswahili laweza kuwa Sauti Zilizozaliwa Upya za Ndoto za Utotoni. Ina karibu mita mbili na nusu kila upande. Ndani yake wamesimama watu warefu, wembamba, wenye nyuso zilizovutwa na macho yaliyozama, nusu binadamu nusu kivuli, kama wale tuliowaona utotoni usiku taa ilipozimwa. Hakuna rangi ya kupiga kelele. Rangi imepakwa nyepesi mahali pengine hata kitambaa kikaonekana kupumua chini yake. Nani angeweza kuiita picha hii ya Kizungu? Na nani angeweza kusema kwamba mchoraji wake hakupita Slade? Maswali yote mawili yanakwama, na kukwama huko ndiko ushindi wake.

Pamoja na wenzake, kama vile Ahmed Shibrain, na baadaye Kamala Ibrahim Ishag, alitambulikana kuwa mmoja wa kundi lililokuja kuitwa Shule ya Khartoum, jina ambalo halina maana ya jengo bali ya mwelekeo. Alifika Ibadan, Nigeria, katika klabu ya Mbari iliyowakutanisha waandishi na wachoraji wa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1966 alikuwa pamoja na Wasudan waliohudhuria tamasha kubwa la sanaa mjini Dakar. Safari hizi nazipita haraka, maana orodha ya safari za msanii haimwelezi msanii.

Mwaka 1969 alipelekwa kufanya kazi za utamaduni katika ubalozi wa Sudan, London, na mwaka 1972 akaitwa nyumbani kushika madaraka makubwa katika wizara iliyohusika na utamaduni na habari. Msanii akawa mtu wa mafaili na mikutano. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa yake kwa taifa, na si haki kuidharau, ingawa kila mwenye kuijua ofisi anajua kwamba saa ya ofisi na saa ya kuchora hazikai mfuko mmoja.

Septemba 1975 kulikuwa na jaribio la kuipindua serikali ya Rais Nimeiri. Lilishindwa. El-Salahi alishukiwa kwa sababu ya jamaa yake aliyehusika, akakamatwa, na bila ya kufikishwa mbele ya hakimu akatiwa katika gereza la Kober, Khartoum, kwa muda wa miezi sita na siku nane. Serikali aliyoitumikia asubuhi ndiyo iliyomfungia mlango jioni.

Gerezani ilikatazwa kuandika na kuchora. Aliyekutwa na kalamu au karatasi aliadhibiwa kwa kufungiwa peke yake. Tufikirie maana ya amri hiyo kwa mtu ambaye tangu ubao wa khalwa mkono wake haukuwahi kupumzika, ila pale alipoupumzisha mwenyewe. Alichofanya ni kutumia alichopewa na mahali pale. Uani mlikuwa na mchanga. Alichora mchangani kwa kijiti, kisha akafuta kwa kiganja kabla askari hajafika, kama mwanafunzi aoshaye ubao. Na alipopata kwa siri vipande vidogo vya karatasi, alichora juu yake, akavifukia ardhini.

Kutokana na udogo wa vipande hivyo likazaliwa wazo lililotawala kazi yake kwa miaka mingi iliyofuata. Karatasi iliyo ndogo kuliko kiganja haiwezi kubeba picha nzima. Inaweza kubeba mbegu yake tu. Lakini kipande cha pili kikiwekwa kando ya cha kwanza, na cha tatu kando ya cha pili, mistari inaweza kuendelea kutoka karatasi hata karatasi, na picha ikakua kama mmea, bila ya mchoraji mwenyewe kujua mwanzoni itaishia wapi. Msanii mwingine angelitazama jambo hili kama shida ya kifungo, ambayo ikiisha kifungo nayo huisha. Yeye alitoka nayo gerezani.

Aliachiliwa mwaka 1976. Alipokuwa nyumbani, bado chini ya macho ya serikali, alijaza daftari moja kwa maneno na michoro ya wino juu ya yale aliyoyaona Kober. Daftari hilo limehifadhiwa New York, na nakala yake ilichapishwa kitabu mwaka 2018. Mwaka 1977 aliondoka Sudan, akaenda kuishi na kufanya kazi Qatar.

Huko rangi zilimwacha, au tuseme yeye aliziacha. Kwa miaka mingi alichora zaidi kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Watu humwuliza mchoraji kwa nini ameacha rangi kama wanavyomwuliza mtu kwa nini amenyamaza. Lakini mweusi na mweupe mkononi mwa El-Salahi si ukimya. Alichora kwa mistari myembamba iliyosongamana, mpaka baina ya nyeusi na nyeupe pakatokea vivuli vingi ambavyo jicho huvihesabu kama rangi. Kazi kuu ya wakati huo, aliyoichora mwaka 1984 na 1985, iliitwa Lisiloepukika. Ni picha moja iliyojengwa kwa vipande tisa vya karatasi ngumu, vilivyoungana kuwa ukuta mrefu kuliko mtu. Ndani yake kuna miili iliyobanana, nyuso zilizoinuka, ngumi. Mbegu iliyofukiwa katika mchanga wa Kober ilikuwa imeota. Aprili 1985 wananchi wa Khartoum waliingia mitaani, na utawala wa Nimeiri ukaanguka. Picha yenyewe iko Marekani, katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Cornell, nayo si ndogo kiasi cha kumwezesha mtu kuisafirisha kimyakimya.

Rangi zilirudi baadaye. Mwaka 1998 alihamia Oxford, Uingereza, akiwa na umri wa karibu miaka 70, na katika kipindi hicho akachora mfululizo wa picha za mti. Mti huo Wasudan huuita harazi. Ni wa jamii ya migunga, huota kandokando ya mito, na una tabia ya pekee. Wakati wa mvua, miti mingine inapovaa kijani, harazi hupukutisha majani. Kiangazi kinapokausha kila kitu, wenyewe huchipua. El-Salahi aliupenda kwa ukaidi wake, akauona kama sura ya watu wa kwao. Lakini hakuuchora kama mchoraji wa mandhari. Aliugeuza kuwa mistari iliyosimama wima na vipande vya rangi vilivyopangwa, vyekundu, vya buluu, vya manjano, na mtazamaji asiyeambiwa jina la picha angeweza kudhani anatazama nguo iliyofumwa. Ile nakshi ya mikeka na matandiko aliyoiona alipozunguka Sudan zamani ilikuwa imefika Oxford pamoja naye.

Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London liliyakusanya maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yote. Mji uliomfundisha kuchora ulimwalika umtazame.

Kisha mwili ukaanza kukataa. Maumivu makali ya mgongo na maradhi ya kutetemeka yalimzuia kusimama mbele ya kitambaa kikubwa au kuinama juu yake. Alikuwa amepita miaka 80, amekwisha kuheshimiwa ulimwenguni, na hakuna ambaye angemlaumu kama angeketi tu. Lakini dawa zilikuja katika vijikasha vya karatasi ngumu, na kila kijikasha kikikunjuliwa kina upande wa ndani usio na maandishi. Akiwa kitini alianza kuchora humo kwa kalamu ya wino mweusi, na katika bahasha zilizokwisha kutumika, kipande kimoja baada ya kingine. Mkono uliochora Kober ulijua namna ya kukaa katika nafasi hiyo. Baadhi ya michoro hiyo ilikuzwa kwa ufundi wa kuchapia kwa kitambaa cha wavu, ikawa picha kubwa za kutundikwa ukutani. Aliita michoro hiyo Kituliza Maumivu, jina ambalo mfamasia angelielewa mara moja.

Michoro yenyewe ilionyeshwa New York mwaka 2022. Ni midogo, mtazamaji hulazimika kusogea karibu, kama walivyosogea watu wa Khartoum walipoona maneno ya kwanza katika pembe ya picha. Nyuso zile ndefu zipo, na ndege, na mistari iliyosongamana. Katika kila kijikasha mikunjo imebaki, na mstari wa wino umepita juu yake bila ya kukatika.